Basi Lililojaa na Abiria wa Kituo cha Katikati

Wengi wanaocheza OpenTTD, gemu la kompyuta la kuendesha kampuni ya uchukuzi, wanalipendea treni. Picha wanazoonyeshana ni za stesheni zenye njia ishirini, reli zinazopishana juu na chini, makaa ya mawe yakivushwa kutoka pembe hii ya ramani hadi ile. Mimi mapenzi yangu yako kwenye mji mdogo wenye watu elfu moja na ushei, barabara fupi, na basi la kwanza linalouzwa: abiria 31, mwendo usiozidi kilomita 56 kwa saa. Kupanga ruti za ndani ya mji kama huo, mpaka mtu wa mtaa wa pembeni afike anakokwenda bila kusota kituoni, ndiyo kazi iliyonifundisha kuliko nyingine yoyote ndani ya gemu hili. Na nilichojifunza ni kwamba mtandao wa mabasi unapimwa kwa abiria anayesimama katikati ya ruti. Yule anayepandia stendi hata ruti mbovu inamfaa.

Kwa asiyelifahamu, OpenTTD ni mrithi wa Transport Tycoon, gemu la Chris Sawyer lililotoka 1994 na kufuatiwa na toleo la Deluxe mwaka 1995. Mwaka 2004 mwanaprogramu wa Sweden, Ludvig Strigeus, alitoa toleo aliloliandika upya, likiwa programu huria, na tangu hapo linaendelezwa na watu wanaojitolea. Ni la bure, halimalizi bando, na linakwenda hata kwenye kompyuta iliyochoka. Yapo magemu ya kujenga miji yenye picha nzuri zaidi, ambako unamwona abiria mmoja mmoja akitembea barabarani, lakini yanadai mashine ambayo wengi wetu hatuna. Kwa suala la kupanga ruti, sioni kama uzuri wa picha unaongeza kitu. Hapa mji mzima umegawanywa katika miraba, unautazama kutoka juu, na hesabu zote ziko wazi.

Lakini ukilifungua kwa mipangilio yake ya kawaida, abiria wa OpenTTD hana anakokwenda. Anatokea kituoni kwa sababu kuna nyumba karibu, anapanda basi lolote linalokuja, anashushwa popote panapopokea abiria. Kampuni yako inalipwa kwa umbali kati ya alipopandia na aliposhukia, na malipo yanapungua kadiri anavyokaa garini. Umbali huo unahesabiwa kwa miraba kati ya kituo na kituo. Urefu wa barabara uliyomzungusha haumo kwenye hesabu. Kwa hiyo faida iko kwenye safari ndefu. Unaweka vituo viwili, kila kimoja mji wake, mbali kwa mbali, mabasi yanakwenda na kurudi, kazi imekwisha. Ruti ya miraba kumi ndani ya mji, chini ya kanuni hizo, ni hisani tu.

Kuna kipengele kwenye mipangilio, upande wa mazingira, kinachohusu mgawanyo wa shehena. Ukiwaweka abiria kwenye mgawanyo wa pande mbili, kila mmoja anapewa kituo anachokwenda tangu anapotokea, na wanaotoka kituo hiki kwenda kile wanakaribiana kwa idadi na wanaorudi. Kama hakuna basi la moja kwa moja, abiria anashuka njiani, anasubiri, anaunganisha. Gemu linazipitia njia zote zinazowezekana kwenye mtandao wako na kuwagawa watu humo kulingana na nafasi zilizopo. Kwenye ramani unaweza kuonyesha mistari kati ya vituo ikibadilika rangi kadiri inavyoelemewa, mpaka inakuwa nyekundu.

Bila kipengele hiki unacheza biashara ya uchukuzi. Kikiwashwa, unacheza usafiri wa umma. Ninamsihi kila anayeanza akiwashe kabla ya kununua basi la kwanza, kwa sababu ukikiwasha katikati ya mchezo utalazimika kupanga upya karibu kila ruti.

Kinachobadilika kwanza ni umbo la ruti. Kishawishi cha wengi ni kuzunguka: basi linatoka stendi, linapita kila mtaa, linarudi stendi kwa upande wa pili, na mji wote umeguswa kwa ruti moja. Ukitazama ramani inapendeza. Sasa mfikirie mtu wa kituo cha tatu anayetaka kwenda cha pili. Basi linakwenda upande mmoja tu, kwa hiyo atazungushwa mji mzima ili afike mtaa wa jirani. Wewe unalipwa nauli ya miraba sita kwa safari iliyokula muda wa miraba hamsini, na kiti alichokalia njia nzima kimewanyima watu wengine watatu au wanne. Abiria asiye na anakokwenda hawezi kulalamika juu ya duara. Mwenye anakokwenda analalamika kwa takwimu: mstari wote unakuwa mwekundu ingawa mji ni mdogo. Ruti ya ndani ya mji inatakiwa iwe mstari, inyooke kadiri barabara inavyoruhusu, na mabasi yaende na kurudi humo humo.

Vituo navyo vina hesabu yake. Kituo cha basi kinachukua abiria kutoka miraba mitatu kila upande, maana yake eneo la saba kwa saba, miraba 49. Ukiviweka vituo umbali wa miraba saba kutoka kimoja hadi kingine, maeneo yao yanagusana bila kugombania nyumba zilezile. Ukivibananisha, abiria hawaongezeki. Wanagawanyika tu, na basi linasimama mara mbili zaidi. Ninapendelea mstari wa kwanza uwe na vituo vitano, kwa sababu gemu lina kanuni kwamba mji hukua haraka zaidi kadiri vituo vinavyohudumiwa vinavyoongezeka, mpaka vitano, na ili kituo kihesabiwe lazima kiwe kimehudumiwa ndani ya siku 50 zilizopita. Mstari mmoja ulionyooka unatosha kuukuza mji. Halmashauri nayo ina maoni yake, hasa ukikata miti na kubomoa nyumba, lakini hilo linatibika kwa kupanda miti.

Sasa nije kwenye agizo ambalo, kwa maoni yangu, linaamua kila kitu. Kila basi unalipangia maagizo: nenda kituo hiki, halafu kile. Ndani ya agizo unaweza kuongeza sharti la kusubiri mpaka lijae. Mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa sharti hilo. Daladala ikiwa stendi saa nne asubuhi, wakati watu wa kazini wameshapita, haiondoki mpaka viti viishe na mpiga debe aridhike. Na sababu yake si ukorofi wa dereva. Mwenye gari anangoja hesabu yake jioni, mafuta yanatoka kwenye makusanyo ya siku, na kinachobaki ndicho cha dereva na konda. Gari likiondoka na nusu ya abiria, pengo linatoka mifukoni mwa hao wawili. Kila gari linalosubiri lijae linafanya jambo la akili kabisa kwa upande wake lenyewe, na ruti nzima inaharibika.

OpenTTD linamtuza anayefanya vivyo hivyo. Kila kituo kina alama kwa asilimia, na alama hizo ndizo zinazoamua ni sehemu gani ya watu wa jirani watajitokeza kusafiri. Fungu kubwa kuliko yote linatokana na muda uliopita tangu gari la mwisho lilipopakia. Zikiwa zimepita siku saba na nusu za gemu au pungufu, unapata asilimia 51. Mpaka siku 15, unapata 37. Mpaka 30, unapata 20. Zikizidi 52 na nusu, hupati kitu. Kasi ya gari, umri wake na wingi wa wanaosubiri vinachangia kidogo kuliko hapo. Basi la kwanza, kwa mwendo wake wa kilomita 56, haliongezi chochote kwenye fungu la kasi. Hata sanamu ya mwenye kampuni ikijengwa mjini, inaleta 10 tu. Basi linalongoja lijae liko kituoni saa zote na linapakia saa zote, hivyo alama za stendi zinapaa. Ukiangalia stendi peke yake utasema umefaulu.

Nenda vituo viwili mbele. Basi linafika likiwa na watu 31 kati ya 31, na wengi wao wanakwenda mwisho wa ruti. Anashuka mmoja, anapanda mmoja, wengine wanabaki kituoni. Basi linalofuata bado liko stendi likijaza, kwa hiyo pengo kati ya basi na basi haliamuliwi tena na wewe uliyeyanunua. Linaamuliwa na kasi ambayo stendi inajaza viti. Ukiongeza mabasi, yanapanga foleni stendi nyuma ya lile linalojaza, na kama kituo chako ni kile cha kupita moja kwa moja barabarani, foleni inafunga njia kwa ruti nyingine pia. Umetumia fedha, umeleta msongamano, na mtu wa katikati yuko palepale.

Hali hii tunaijua kwa miili yetu. Ndiyo maana wako watu wanaogeuza: wanapanda gari linaloelekea stendi, wanalipa nauli mara mbili, ili wapate kiti cha kurudi walikotoka. Mtu mwenye akili timamu anasafiri kinyume na anakokwenda kwa sababu mtandao umempangia hivyo. Nilipouona mstari mwekundu katikati ya ruti yangu na stendi ikiwa kijani, niliielewa kero hiyo kutoka upande wa mpangaji kwa mara ya kwanza, na nilihuzunika, kwa sababu niliona jinsi ilivyo rahisi kuizalisha bila nia mbaya yoyote.

Dawa yake ni kuliondoa sharti hilo kwenye ruti za ndani, kwenye vituo vyote, stendi ikiwemo, na kukubali kwamba basi litaondoka na abiria tisa. Hao tisa ndio bei ya viti ishirini na mbili vinavyowafikia walio mbele. Halafu unahesabu. Ruti ikichukua siku 40 kwenda na kurudi, mabasi manne yatapita kila kituo kila baada ya siku 10, manane kila baada ya siku tano. Katika gemu siku ni kama sekunde mbili hivi, lakini uwiano ni uleule wa mjini kwetu: mabasi yakipishana sawasawa, abiria anayefika kituoni bila kujua ratiba atasubiri, kwa wastani, nusu ya pengo. Mabasi manane madogo yanampa huduma ambayo manne makubwa hayawezi kumpa, hata kama jumla ya viti inalingana. Najua gharama ya madereva kwenye dunia halisi inabadilisha hesabu hii, kwa kuwa basi dogo na kubwa yote yanahitaji dereva mmoja. Ndani ya mji mdogo bado nasimama upande wa mengi madogo.

“Yakipishana sawasawa” ndiyo ngumu. Mabasi yana tabia ya kufuatana kama siafu. Mwaka 1964 watafiti Newell na Potts walieleza kihesabu kwa nini: basi likichelewa kidogo linakuta watu wengi zaidi kituoni, linatumia muda zaidi kuwapakia, linachelewa zaidi, la nyuma yake linakuta wachache, linakwenda haraka, linalikaribia la mbele. Kosa dogo linajikuza lenyewe mpaka mabasi mawili yanafika pamoja. OpenTTD linalionyesha jambo hili vizuri, kwa sababu abiria wanapakiwa kidogo kidogo na mabasi yanaharibika njiani. Basi moja likizima katikati ya barabara, mengine yanajipanga nyuma yake, na baada ya hapo yanatembea kwa msafara.

Zamani tiba ilikuwa ratiba: unampangia kila basi muda wa kufika na kuondoka, kazi ya mkono inayochosha. Toleo la 14, lililotoka 2024, lilileta agizo jipya la karakana linaloyatenganisha mabasi. Kila basi linapoingia karakana linazuiwa mpaka pengo lake na lililotangulia liwe sawa na muda wa mzunguko ukigawanywa kwa idadi ya mabasi. Na watengenezaji waliweka sharti ninalolipenda sana: huwezi kulitumia agizo hilo kwenye ruti yenye agizo la kusubiri lijae. Gemu linakataa. Uchague moja, nafasi sawa au viti vilivyojaa. Ningefurahi kuuona uamuzi ulio wazi namna hiyo kwenye mkataba wa kila ruti ya mabasi katika miji yetu.

Mji ukikua, mstari mmoja hautoshi, na hapo ndipo wengi wanarudia umbo lingine baya: ruti zote zinaanzia stendi moja katikati. Kutoka mashariki kwenda kaskazini lazima upite katikati, na katikati panajaa watu wasiokuwa na shida na katikati. Barcelona ilipopanga upya mabasi yake kati ya 2012 na 2018, iliufuata mpangilio wa miraba wa barabara zake: ruti 28, nane za mlalo, 17 za wima na tatu za mshazari, zinazokatana kila mahali, ili mtu afike karibu popote kwa kuunganisha mara moja. Ukianzisha ramani ya OpenTTD ukachagua miji yenye barabara za miraba ya tatu kwa tatu, unaweza kuujaribu mpango huo karibu kama ulivyo, na unafanya kazi, mradi kila ruti ina mabasi ya kutosha. Mtandao wa kukatana wenye mabasi machache ni mateso, maana kila kuunganisha ni kusubiri upya.

Dar es Salaam haina mpangilio huo wa miraba. Ina barabara zinazotoka mjini kama Morogoro, Nyerere, Kilwa na Bagamoyo, halafu ina Mandela na Sam Nujoma zinazozikata kwa mbali, kupitia Tazara, Ubungo na Mwenge. Mwendokasi, yaani mabasi ya haraka yenye njia zake, ulioanza Mei 2016, wa Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, unakwenda na umbo hilo: shina kwenye barabara kuu, na pembeni ruti za mlisho zinazoleta abiria kwenye shina. Nimewahi kuchora mji wa namna hiyo kwenye gemu, barabara nne za kuelekea mjini na moja ya kuzikata, na naona kwamba ruti inayokata ndiyo inayopunguza wekundu kuliko zote. Mtu wa Mwenge anayekwenda Tazara hana sababu ya kuiona Posta, katikati ya mji. Ruti hiyo moja inawaondoa katikati watu ambao basi lolote jipya la katikati lisingewaondoa.

Treni ikifika mjini, mambo yanageuka tena. Mara tu kituo chako cha basi kinapoungwa na stesheni ya mkoa, abiria wa mtaa mdogo anaanza kutamani vituo vyote vya mtandao, hata vilivyo mbali sana. Basi la watu 31 lililotosha kwa safari za soko na uwanja wa mpira sasa linabeba wasafiri wa mbali, na wa karibu wanakosa nafasi. Kuna mpangilio unaopunguza mvuto wa vituo vya mbali, na unasaidia. Lakini njia ninayoiamini zaidi ni kuzitenga ruti: mabasi ya kwenda stesheni yapite barabara kuu tu na yawe na vituo vyake, na ruti za mtaa ziwe na vituo vyake vyenye majina tofauti, visivyounganishwa na treni. Nyumba za jirani zitagawa watu wake kati ya vyote viwili. Unapoteza mapato kidogo ya safari ndefu, na mtaa unabaki na basi lake.

Katika haya yote gemu lina upungufu mmoja ambao mpangaji lazima aujaze mwenyewe. Malipo yanapungua kwa muda ambao abiria yuko ndani ya gari. Muda anaosimama kituoni akisubiri kuunganisha hauingii kwenye hesabu hiyo. Wapangaji wa usafiri huipa dakika ya kusubiri uzito wa karibu mara mbili ya dakika ya kukaa ndani ya basi, na yeyote aliyesimama juani na mtoto mgongoni anajua kwa nini. OpenTTD linaweza kukulipa vizuri kwa mtandao ambao binadamu angeukimbia. Kwa hiyo siangalii faida kwanza. Nafungua dirisha la kituo cha katikati ya ruti, napanga orodha ya wanaosubiri kwa vituo wanavyokwenda, halafu naacha mabasi matatu yapite, kila upande. Orodha ikipungua kwa kila basi, ruti imekaa sawa na naweza kwenda kushughulikia mtaa mwingine. Isipopungua, naongeza basi, na naangalia tena kituo kilekile kabla ya kugusa kitu kingine.